Kukaa ndani ya Kristo siku ya kazi: raha hii mtu wa zamu huipataje?

Zamu_Kilindini ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani.

Yohana 15:4 yasema, "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu." Mathayo 11:29 yaahidi raha nafsini. Twaihubiri mistari hii, twaiimba, lakini tazameni ratiba ya mpendwa wa kawaida hapa Mombasa: maombi ya alfajiri, kesha la Ijumaa, mfungo kila mwezi unapoanza, mazoezi ya kwaya, ushirika wa nyumbani, na katikati ya yote zamu ya bandarini inayogeuka kila wiki, mara mchana mara usiku. Maombi yapo. Raha haipo. Mtu hutoka magotini amechoka kuliko alivyopiga magoti, na akifika kwenye foleni ya feri ameshasahau kama aliomba.

Nina maswali matatu. Huku kuunganika na Mungu ni kitu ninachokitafuta, au ni kitu nilicho nacho tayari? Pili, mtu afanye nini hasa? Nataka dakika na hatua, kwa sababu "tulia mbele za Bwana" nimeambiwa mara nyingi na sijawahi kuonyeshwa kunafanywaje. Tatu, zamu ya usiku huvuruga kila utaratibu unaoanza na "amka saa kumi na moja alfajiri". Mtu anayelala asubuhi afanyeje?

Mwinjilisti_Kisauni amejibu:

Amina ndugu yangu. Nitaanza na la kwanza, maana ukilikosea hilo, haya mengine yatakuwa gunia jingine juu ya yale uliyobeba.

Litazame neno lenyewe, kukaa. Sisi huulizana, "Unakaa wapi?" na mtu hujibu, "Nakaa Likoni." Hujibu hivyo akiwa kazini Changamwe, na hata akiwa safarini Nairobi. Hajaacha kukaa Likoni kwa kuwa mwili wake uko kwingine. Wanafunzi wawili wa kwanza walimwuliza Yesu swali hilohilo katika Yohana 1:38, "Rabi, unakaa wapi?" Akawaambia waje waone, nao wakakaa kwake siku ile. Kitenzi cha Kigiriki kilichoko hapo ndicho kilichoko sura ya 15. Kwa hiyo "kaeni ndani yangu" si amri ya kupanda mahali usipowahi kufika. Unaambiwa hapa ndipo kwako, usihame.

Paulo asema vivyo hivyo kwa maneno mengine. Wakolosai 3:3, uhai wenu "umefichwa pamoja na Kristo katika Mungu". 1 Wakorintho 6:17, aliyeungwa na Bwana "ni roho moja naye". Ni habari za jambo lililokwisha kufanyika kwa aliye ndani ya Kristo. Walimu wa zamani walitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya: muungano na ushirika. Muungano hauongezeki ukikesha wala haupungui ukilala. Kinachopanda na kushuka ni ushirika, yaani jinsi unavyouonja na kuutumia muungano huo. Mke na mume walionuniana wiki nzima hawajaacha kuwa mke na mume, ila nyumba imepoa.

Ukitaka kuona kwa macho, nenda mahali wanapopandikiza miche ya maembe. Fundi hukata kichwa cha mche wa kienyeji, akapasua shina katikati, kisha akachonga kitawi cha embe ya Apple pande mbili kama kabari na kukichomeka, ganda likutane na ganda. Hufunga kwa utepe wa nailoni, kwa nguvu, na kukifunika kwa kimfuko. Wiki tatu au nne baadaye macho ya kitawi huanza kufunguka. Katika siku zote hizo kitawi hakionekani kikifanya lolote. Hakivuti utomvu kwa kujikaza, kwani utomvu huja wenyewe maadamu kimeshikana na shina. Kinachokiua ni upepo ukikitikisa, utepe ukilegea, au mtu kuja kila asubuhi kukifunua aone kama kimeshika. Hilo la mwisho ndilo linalotumaliza sisi watu wa maombi. Tukisema amina tu, twajifunua: "Leo nimehisi kitu?" Jeraha halipati siku za kufunga.

Halafu nira. Yesu hakuahidi kutuvua nira, alisema "jitieni nira yangu". Nira ni ya ng'ombe wawili. Raha anayoitoa hupatikana shingo ikiwa ndani ya nira pamoja naye, mguu kwa mguu. Ukimtangulia, nira hukukata shingo, na ukibaki nyuma hukuburuta. Kwa hiyo uchovu wa huduma haimaanishi kila mara kwamba kazi ni nyingi. Mara nyingi ni kazi ambayo hakuna aliyekutuma.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza wa vitendo ni wa kupunguza. Usiweke dakika za utulivu juu ya ratiba uliyoieleza bila kuondoa kitu. Ondoa kimoja kwa miezi mitatu. Ongea na mchungaji wako waziwazi, usikimbie kimyakimya, maana kwaya iliyokukosa bila neno itakupigia simu wakati uleule uliotengewa Mungu.

Mama_Rehema_Bamburi amejibu:

Asante sana Mwinjilisti. Kaka Zamu, mimi nitaingia kwenye dakika na hatua ulizoziomba.

Anza na dakika kumi kwa wiki mbili. Usianze na saa moja. Wanaoanza na saa moja huacha siku ya nne. Baada ya wiki mbili fika kumi na tano, kisha ishirini, na ishirini yamtosha mtu wa kazi na familia kwa miaka mingi. Ukiweza mara mbili kwa siku, vyema. Ukiweza mara moja, iwe mara moja kila siku, mahali pamoja.

Mahali pawe kiti chenye mgongo. Kitandani chini ya chandarua hapafai, utalala. Kochi nalo humeza watu. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, mikono juu ya mapaja, kidevu kiinamishwe kidogo. Hapa kwetu joto la Januari na Februari ni adui wa kweli, kwa hiyo washa feni lakini isikupige usoni, au kaa karibu na dirisha kabla jua halijapanda. Simu iwe chumba kingine. Ikibidi iwe ndiyo saa yako, igeuze kifudifudi mahali ambapo mkono haufiki bila kuinuka. Pembeni weka karatasi na kalamu, nitasema kwa nini.

Dakika mbili za kwanza usiseme lolote. Uache mwili ujue kwamba umeketi. Sikiliza kilichopo, jogoo, matatu barabarani, bomba la jirani. Usishindane na sauti hizo, zipite.

Kisha chukua neno fupi la Maandiko, maneno manne hadi kumi. Zaburi 62:1 inafaa: "Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake." Au Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Huo wa pili wamonaki wa jangwa la Misri waliutumia karne ya 4, mchana na usiku, wakisuka mikeka na vikapu. Au ombi ambalo ndugu zetu Waorthodoksi hulitumia hadi leo: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Wao huwa na kamba ya mafundo, mara nyingi mia moja, vidole vipate kazi ili kichwa kitulie. Sema neno lako kwa sauti ya chini mara tatu nne, halafu liingie ndani. Nusu ukivuta pumzi, nusu ukishusha, kwa mwendo wako wa kawaida. Neno likijinyamazia lenyewe na ukabaki tu na Bwana, acha likae kimya. Ukipotea, lirudie.

Na utapotea. Akili itakwenda kwa deni, kwa mtoto, kwa maneno ya bosi. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa. Iangalie mashua iliyotia nanga pale Tudor. Haisimami tuli hata kidogo. Maji yakijaa hugeuza pua huku, yakipwa hugeuza kule, lakini hapo haiondoki. Nahodha hutoa kamba ndefu kuliko kina cha maji. Akifupisha kamba ili mashua isicheze, maji yakijaa nanga hung'oka. Anayejikaza asiwaze hata wazo moja amefupisha kamba. Wewe rudi kwenye neno lako, taratibu, bila kujikemea, maana kule kujikemea nako ni wazo jingine na huchukua dakika nzima. Kama jambo lililokujia ni la lazima, sema "kulipa stima", liandike kwa maneno mawili kwenye ile karatasi na urudi. Lisipoandikwa litagonga mlango hadi mwisho.

Muda ukiisha usiruke juu. Sema Baba Yetu mara moja, polepole, pumzi moja kwa kila ombi. Kisha inuka, na kitu cha kwanza utakachofanya, kama kufungua mlango au kuteleka chai, kifanye bila haraka. Daraja kati ya maombi na siku huvunjika katika dakika hiyo ya kwanza.

Yanayoharibika ni haya nionavyo. Kubadilisha neno kila siku: shika moja kwa mwezi mzima angalau, hata likichosha. Kuketi baada ya chakula kizito: ngoja saa mbili. Kuvuta pumzi nyingi kwa nguvu ukidhani ndio kuingia rohoni: hewa chafu hutoka kupita kiasi, kichwa huzunguka na vidole huwasha kama vina ganzi. Huo ni mwili tu, wala si upako. Rudia pumzi ya kawaida, itapita.

Sasa kwa siku yenyewe. Chagua vituo vitatu, yaani mahali pa kulisema neno lako kwa kifupi, usichague kumi. Kwa mtu wa Likoni kimoja ni pale mlango wa feri unaposhushwa na umati kuanza kusukumana: kabla hujanyanyua mguu, sema neno lako mara moja. Kingine ni ufunguo kwenye kufuli. Kwa tulio jikoni, mbuzi wa nazi ni kituo kizuri mno. Umeketi, kifuu kiganjani, unakizungusha kidogo baada ya kila mkuno ili usifike kwenye ganda jeusi. Mikono inajua kazi, macho yako hapo kwenye meno ya chuma, na moyo uko huru kabisa. Nazi mbili za wali ni kama dakika kumi. Ndugu Lawrence, mtawa wa Karmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, alikuwa mpishi wa monasteri, na watu wa vyeo walimwendea kuuliza anaombaje. Jibu lake ni kwamba saa ya kazi na saa ya sala kwake hazikuwa mbili.

Nuru_ya_Mtwapa amejibu:

Shalom. Nasoma kwa heshima lakini nina wasiwasi, na afadhali niuseme. Mathayo 6:7 yakataza kupayukapayuka kama watu wa mataifa. Kurudia neno moja dakika ishirini kwatofautianaje na hayo? Na huku kukaa kimya na kuacha akili, si ndiko kuifungua nyumba kwa roho nyingine? Mathayo 12 yasema pepo aliyetoka huirudia nyumba tupu iliyofagiwa, akiwa na wengine saba.

Katekista_Changamwe amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Nuru, umeuliza swali la haki na lastahili jibu kamili.

Soma mstari wa 7 hadi mwisho: wao "wadhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi". Kosa ni kudhani kwamba wingi wa maneno humshurutisha Mungu. Kurudia penyewe hakukatazwi. Bwana mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara ya tatu akisema maneno yaleyale, Mathayo 26:44. Zaburi 136 yarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele" mara 26, kila mstari. Kwa hiyo jiulize unarudia kwa nini. Ukirudia ili Mungu asikie, umerudi kwa mataifa. Ukirudia ili wewe usikie, umefanya alivyofanya mtunga zaburi.

Kuhusu nyumba tupu, ni kweli kabisa kwamba Mkristo haachi nyumba tupu. Alichoeleza Mama Rehema si kumwaga akili ibaki bila mtu. Lile neno ni la Maandiko, Jina ni la Yesu, na anayengojwa ana uso. Zaburi 131:2 yatuonyesha picha yake, "mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake". Angalia amesema aliyeachishwa. Mtoto anyonyaye akiwekwa kifuani hutafuta ziwa, huhangaika, hulia. Aliyeachishwa amekuja kwa ajili ya mama mwenyewe. Hataki kitu, atosheka kuwa pale. Hiyo ndiyo tofauti ya maombi ya kuomba vitu, ambayo tumeamriwa na tusiyaache, na maombi ya kukaa.

Ila hofu yako ina msingi katika historia. Karne ya 17 walitokea waliofundisha kwamba roho ikitulia haina haja ya kupinga majaribu wala kutenda lolote, na mwaka 1687 Papa Innocent XI alilihukumu fundisho hilo la padri Mhispania, Miguel de Molinos. Mtu akikuambia amefika mahali ambapo toba, sakramenti, na jirani mwenye njaa havimhusu tena, huyo amepotea. Kipimo ni maisha. 1 Yohana 4:20, asemaye nampenda Mungu naye anamchukia ndugu yake ni mwongo. Baada ya miezi mitatu ya utulivu waulize wa nyumbani kwako, usijiulize mwenyewe. Kama sauti yako kwa watoto imeshuka, mti unazaa.

Kwa wale ambao kimya kitupu chawatisha, kuna mlango mwingine: kusoma kwa utulivu. Mmonaki wa karne ya 12 aliufananisha na ngazi ya vidato vinne, kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia. Chukua mistari sita hadi kumi, isizidi, ya Injili ni bora. Soma kwa sauti mara ya kwanza. Soma tena hadi neno moja likushike, kisha simama hapo hapo, usimalize sura. Litafune: kwa nini hili, kwa nini leo? Kisha mwambie Mungu uliloliona. Mwisho acha maneno. Watu wengi hukwama kidato cha pili kwa sababu hugeuza kutafakari kuwa kuandaa mahubiri. Ukijikuta unawaza "hili litamfaa fulani", shuka chini uanze tena, maana neno limeshahama kwako limeenda kwake.

Na vituo vya siku tunavyo hapa mjini kwa urithi. Mtaa wa Kengeleni waitwa hivyo kwa kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Sisi Wakatoliki tunasali ile sala fupi ya Malaika wa Bwana saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, haizidi dakika tatu. Danieli naye mara tatu. Na adhana ya alfajiri inayotuamsha sote Mombasa, Mkristo si lazima ainung'unikie. Jirani ameamkia sala, nawe umeshaamka, liseme neno lako.

Zamu_Kilindini ameandika:

Nawashukuru nyote, mmenifungua macho kwa lile la kitawi. Yamebaki mawili. Mtu akisinzia kila anapoketi, ni uvivu wa roho au ni nini? Na ukavu wa miezi, pale Biblia inapokuwa kama karatasi na hakuna kinachosogea, mtu ajuaje kama ni dhambi, ni uchovu au ni Mungu anafanya kazi? Na lile la zamu ya usiku bado.

Katekista_Changamwe amejibu:

La ukavu. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania aliyeishi 1542 hadi 1591, alitoa alama tatu, na zote tatu zionekane pamoja. Moja, huoni ladha katika mambo ya Mungu, na pia huoni ladha mahali pengine. Pili, waumia moyoni, wahofu kwamba humtumikii Mungu na unarudi nyuma. Tatu, huwezi tena kutafakari kwa mawazo na picha kama zamani hata ukijitahidi.

Alama ya kwanza yatenga dhambi na uvuguvugu. Kama maombi yamekauka lakini mpira, umbea na simu bado ni vitamu, tatizo ni hapo, na dawa yake ni kitubio. Ya pili yatenga uvuguvugu pia, maana aliye vuguvugu haumii. Lakini ya kwanza na ya pili zaweza kutoka kwa uchovu au ugonjwa wa huzuni, ndiyo sababu ya tatu yahitajika. Na kama hulali, huli, na kila kitu ni kizito kwa wiki nzima nzima, muone daktari pamoja na padri au mchungaji. Usichague mmoja.

Zikiwa zote tatu, usijilazimishe kurudisha hisia za mwanzo. Keti muda uleule, sema neno lako, ubaki. Usipunguze dakika kwa sababu ni kavu, wala usiziongeze ili kuukomesha ukavu.

Mwinjilisti_Kisauni amejibu:

Kusinzia: kwa mtu wa zamu ni deni la usingizi, wala usiliite pepo. Eliya alipochoka hadi kutaka kufa, 1 Wafalme 19, Mungu hakumhubiria. Alilala, malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa ale tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye Horebu. Ukisinzia siku tatu mfululizo, maombi yako ya siku ya nne ni kulala saa moja zaidi, na ufanye hivyo kwa imani. Zaburi 127:2, Mungu "humpa mpenzi wake usingizi".

Zamu ya usiku sasa. Kosa ni kuiga ratiba ya anayelala usiku. Ukitoka kazini saa moja asubuhi ukalazimisha nusu saa ya utulivu, utasinzia na kujilaumu. Siku yako huanza unapoamka, hata kama ni saa tisa mchana. Mwanzo 1 huanza siku kwa jioni: "ikawa jioni, ikawa asubuhi". Wazee wa hapa pwani nao huhesabu hivyo, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Usingizi ndio mlango wa siku, na Mungu hufanya kazi wakati wewe umelala. Kwa hiyo ukifika nyumbani, pazia zito, maji, na Zaburi 4:8 mara tatu kwa sauti: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara, maana Wewe, Bwana, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Mnaliona neno letu hapo, kukaa. Dakika mbili tu, lala. Ukiamka, nawa uso, kisha keti zile kumi kabla ya kula na kabla ya kufungua simu.

Na tuseme ukweli kuhusu Jumapili. Kwa watumishi wengi ndiyo siku nzito kuliko zote: ibada mbili, kamati, kuhesabu sadaka, kutembelea wagonjwa. Waebrania 4:9 yasema imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu. Kama Jumapili huwezi, tafuta saa nne mfululizo siku nyingine na uzilinde. Zitengeneze siku moja kabla. Jangwani mana ya siku ya sita iliokotwa pishi mbili kwa kila mtu badala ya moja, Kutoka 16:22, kwa hiyo sabato bila maandalizi ya jana yake haijawahi kuwapo. Maji yajazwe, nguo zipigwe pasi, mboga ichemshwe, meseji za lazima zijibiwe.

Zamu_Kilindini ameandika:

Wiki hii niko usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Nianze na lipi?

Mama_Rehema_Bamburi amejibu:

Anza na mawili tu kaka. Zaburi 4:8 ukifika nyumbani asubuhi, na dakika kumi kitini ukiamka. Neno lako liwe "Nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake" hadi mwisho wa mwezi. Kituo kimoja cha siku, ule mlango wa feri. Vingine viwili utaviongeza wiki ya tatu. Kesha la Ijumaa hii usiende, kwani utakuwa kazini, na usilipe Jumamosi. Ukiruka siku, usikusanye dakika ishirini kesho yake, endelea na kumi.

Kiti kiweke mahali pake leo kabla hujaenda zamu, na karatasi na kalamu juu yake. Ukiamka saa tisa na usingizi machoni hutakumbuka kuvitafuta.